Kilo Mbili na Nusu Ndani ya Koti

Watu wa sokoni walimwita Gramu, na jina hilo lilimganda mpaka mkewe mwenyewe akawa analitumia siku anazokasirika. Alikuwa fundi mizani. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko, chenye mlango wa bati na meza ndefu ya mbao iliyojaa makovu ya tupa na bisibisi. Ukutani kulikuwa na rafu, na kwenye rafu mizani zilikaa zikisubiri kutibiwa: za vitanga viwili za wauza nafaka, za kuning'inia za wauza nyama, na zile bapa za betri ambazo alizidharau lakini alizitengeneza. Pembeni ilisimama moja kubwa ya chuma, ya kupimia magunia, ambayo mtu mzima angeweza kupanda akapimwa.

Alikuwa na utaratibu wake, na hakuna aliyewahi kumtoa kwenye utaratibu huo. Kabla ya kufungua mizani yoyote alivua kofia akasali maneno machache. Kisha alipima kitu mara mbili: kwanza jiwe la mizani kitanga cha kushoto na kitu cha kulia, halafu akabadilisha. Kama ulimi wa mizani haukusimama palepale mara zote mbili, mizani hiyo haikutoka. Mwenye nayo alie, acheke, aseme wateja wanamsubiri, Gramu hakusikia.

Mkewe alikuwa mshonaji. Alimshonea koti la kitambaa kizito, rangi ya majivu, lenye mifuko minne ya ndani iliyotiwa ngozi, ya kubebea mawe ya mizani alipokwenda kukagua vibandani. Koti hilo lilikuwa kama ngozi yake ya pili. Alilivaa jua likiwaka, alilivaa mvua ikinyesha, alilivaa kwenye harusi za watu. Na kwa sababu ya koti hilo ndiyo yakatokea haya yanayosimuliwa hapa, ambayo marehemu mwenyewe, Mungu ampumzishe, aliyasimulia kwa mdomo wake bila kujificha mpaka mwaka wa mwisho wa maisha yake.

Lakini kwanza lazima utajwe mkate.

Mdogo wake, ambaye walifuatana tumbo moja, alikuwa mwokaji mikate. Mtu mnene, mcheshi, mwenye unga kwenye nyusi saa zote. Siku moja Gramu alikuwa akikagua mizani ya duka lililouza mikate ya mdogo wake, akachukua mkate mmoja wa kujaribia. Akauweka kitanga cha kushoto, akauweka cha kulia. Umepungua gramu arobaini. Dukani palikuwa na watu saba au wanane. Akaunyanyua mkate juu wote wauone.

"Huu mkate umefunga," akasema. "Umefunga gramu arobaini."

Watu wakavunjika mbavu kwa kicheko. Mdogo wake akaja mbio, akaeleza kwamba tanuri lilizidi moto asubuhi ile, maji yakakauka, mkate ukipikwa sana hupoteza uzito, kila mwokaji anajua. Gramu akamjibu kwamba mteja hali maelezo. Basi. Kwa mwaka mzima mwokaji hakukanyaga karakana ya kaka yake. Mkate aliupeleka nyumbani kwa shemeji yake, akaukabidhi mlangoni, akaondoka. Wala hakuupunguza. Mkewe Gramu aliupima kwa siri akakuta kila siku umezidi.

Katika mwaka huohuo ugonjwa wa Gramu ukajulikana jina, ingawa ulikuwa umeshakaa naye miaka mitatu. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Kila akikaa kula uso ulimwaka moto, jasho likamtiririka, kisha tumbo likamkimbiza chooni. Wengine walinong'ona kwamba anakunywa, yeye ambaye hakuwahi kuonja bia. Aliambiwa ni amiba, akanywa dawa. Akaambiwa ni vidonda vya tumbo, akaacha pilipili. Akaambiwa ni mawazo, akacheka, kwa sababu hakuwa na mawazo yoyote isipokuwa choo kilipo. Mwishowe daktari mmoja kijana akampiga picha ya tumbo na kulitazama ini lake kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Akapelekwa kwa daktari bingwa wa upasuaji katika hospitali kubwa, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni, aliyezungumza polepole.

"Ni saratani," alimwambia, "lakini ya aina inayotembea taratibu. Inaitwa saratani ya neuroendokrini. Chembe zake zinatengeneza homoni na kuzimwaga kwenye damu, ndiyo maana uso unawaka na tumbo linakukimbiza. Ilianzia mwishoni mwa utumbo mwembamba, kidude kama harage. Kutoka huko ikatuma mbegu kwenye ini."

"Mbegu ngapi?"

"Niliacha kuhesabu zilipofika thelathini."

Gramu alimpenda kwa jibu hilo. Mtu anayekwambia alipoacha kuhesabu, alisema baadaye, ni mtu aliyehesabu kweli.

Daktari alimfungua, akatoa kipande cha utumbo na tezi zilizokizunguka. Ini hakuligusa, maana vivimbe vilitapakaa kushoto na kulia, havikatiki kimoja kimoja. Akamwanzishia sindano ya kila wiki nne ya kutuliza homoni. Uso ukapoa, tumbo likapungua mbio. Ndipo akamweka chini, yeye na mkewe, akawaambia kuhusu kupandikiza.

"Wengi wenye ugonjwa huu hawafai kupandikizwa ini, na nisingekudanganya. Wanaofaa ni wachache: chanzo kimeshatolewa, ugonjwa haujatoka nje ya ini, haujala hata nusu ya ini, chembe ni za polepole, na umri haujafika sitini. Wewe umo humo kote. Kimebaki kitu kimoja ambacho siwezi kukiona leo. Nataka miezi sita. Kama vivimbe havitakua ndani ya miezi sita, nitakupeleka mbele ya kamati. Vikikua, maana yake si vya polepole kama nilivyodhani, na ini jipya nalo vitalivamia."

"Na mimi nifanye nini hiyo miezi sita?"

"Uchome sindano zako, ule, usidhoofike. Mtu aliyedhoofika havuki upasuaji huu."

Katika yote hayo Gramu alishika neno la mwisho. Vivimbe hakuweza kuviona. Kamati hakuijua. Lakini kudhoofika ni kitu kinachopimika, na kupima ndiyo ilikuwa kazi yake. Siku hiyo alikuwa na kilo sitini na nne. Akaapa moyoni kwamba atabaki na sitini na nne.

Ini lenyewe lilipaswa kutoka kwa ndugu aliye hai, ambaye angekatwa kipande, naye ini lake lingekua tena. Mkewe alipimwa, kundi la damu likakataa. Mabinti wawili walikuwa bado shule. Jumamosi moja asubuhi mlango wa bati ukagongwa.

"Hodi."

Gramu aliijua sauti hiyo kabla hajageuka. "Karibu. Umepotea njia?"

"Shemeji kaniambia unatafuta ini." Mwokaji alisimama palepale mlangoni, unga kwenye nyusi. "Nimepima damu. Mimi na wewe kundi moja. Mama hakutupunja."

Gramu akaweka bisibisi chini. Akavuta kigoda, akakipangusa kwa kiganja.

"Ila nina sharti, kaka," mwokaji akasema akikaa. "Ukishapewa, hulipeleki sokoni kulipima mbele za watu."

Gramu akainamisha kichwa. "Ule mkate," akasema, "sikupaswa kuunyanyua."

"Uliunyanyua juu sana. Mpaka waliokuwa nje waliona."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Ningekuwa sijakusamehe ningekuja na ini? Nipe maji ya kunywa."

Hivyo ndivyo walivyopatana. Lakini mwokaji alipopigwa picha, ini lake lilikutwa na mafuta. Daktari akamwambia apunguze angalau kilo kumi, la sivyo halifai kukatwa. Mwokaji wa mikate akaambiwa asiguse mkate. Akajikaza kisabuni. Alioka alfajiri akiwa ameziba pua kwa kitambaa, akatembea kwa miguu kupeleka oda, na kila Jumamosi asubuhi alikuja karakana kupanda mizani ya magunia. Yeye alitakiwa ashuke, kaka yake alitakiwa abaki palepale. Gramu alisogeza jiwe kwenye mkono wa mizani, akasoma, akaandika kwa chaki ukutani.

"Kilo moja na robo. Umefanyaje?"

"Nimelia sana," mwokaji akasema. "Machozi nayo ni mazito."

Mwezi wa kwanza mambo yalikwenda sawa. Wa pili, Gramu alianza kupungua. Alikula, Mungu shahidi, alikula mpaka mkewe akawa anamwonea huruma, lakini chakula kilipita kama maji kwenye chujio. Jumamosi moja alisoma sitini na tatu. Jumamosi mbili baadaye, sitini na mbili na nusu. Jumamosi iliyofuata hakupanda.

"Zamu yako," mwokaji alimwambia.

"Mimi napimwa hospitali. Wewe ndiye mwenye kazi."

Kosa lenyewe lilianza bila kukusudia. Siku ya sindano ya tatu alitoka moja kwa moja sokoni, ambako alikuwa amekagua mizani za wauza nafaka, akaenda kliniki na koti lake mwilini. Nesi wa hapo, dada mchangamfu aliyemwita kila mgonjwa wa kiume baba, akamwonyesha mizani.

"Panda, baba. Sitini na nne kamili. Hongera, umekaa palepale kama nguzo."

Gramu alishuka akiwa amekunja uso. Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba mizani ya hospitali ni mbovu, na akataka kujitolea kuitengeneza. Alitoka ukumbini, akatia mkono ndani ya koti kutafuta leso, vidole vikagusa shaba. Jiwe la kilo. Mfuko wa pili, la nusu kilo.

Akasimama. Mlango wa kliniki ulikuwa hatua nne nyuma yake, angeweza kugeuka akasema dada, samahani, nimesahau mawe mfukoni, wote wangecheka. Miguu ilikataa. Akamsikia nesi akisoma namba ile kwa daktari kwa sauti ya furaha, na daktari akisema vizuri sana. Akajiambia atasema mwezi ujao.

Mwezi uliofuata alikuwa na sitini na mbili, na aliingia kliniki na kilo mbili ndani ya koti. Safari hiyo hakusahau kitu. Alizichagua karakana, mlango ukiwa umefungwa, akazifunga kwa matambara zisigongane. Mwezi wa tano alikuwa na sitini na moja na nusu, akabeba mbili na nusu. Fundi aliyekuwa na uwezo wa kunusa mizani iliyopakwa madini ya risasi chini ya kitanga ili idanganye alijigeuza kitanga yeye mwenyewe.

Nyumbani mkewe hakuwa na mizani ya kupima mtu, alikuwa na futi ya kushonea.

"Baba watoto, hii suruali nimeipunguza kiuno mara mbili," alimwambia siku moja, pini zikiwa mdomoni. "Hospitali wanasema hujapungua. Wanatumia mizani ya nani?"

"Ya kwao."

"Waambie waje waazime futi yangu."

Gramu akakaza mkanda, akatoka. Na kilichomtesa zaidi ni sala. Alivua kofia kama kawaida mbele ya mizani ya mtu, akaanza maneno yake, na alipofika mahali pa kuomba mkono mnyofu akakwama. Kwa wiki kadhaa alikuwa akiishia hapo. Alivaa kofia akaanza kazi na sala ya nusu.

Wiki ileile ya sindano ya tano daktari aliwaita ndugu wote wawili. Mwokaji alikuwa amepungua kilo kumi na moja, shati linampwaya, ini limetakata. Daktari akaweka picha ya ini hilo kwenye kioo chenye taa.

"Nataka muelewe nitakata wapi," akasema. "Ini lina upande wa kulia, mkubwa, na wa kushoto, mdogo. Kadiri ninavyochukua kidogo ndivyo anayetoa anavyobaki salama. Ningependa kuchukua kushoto. Lakini anayepokea naye lazima apate la kumtosha, na hilo tunalipima kwa uzito wake. Kwa kila kilo ya mwili nahitaji angalau gramu nane za ini."

Gramu alishaanza kuzidisha kabla hajamaliza kusema.

"Wewe una kilo sitini na nne. Nahitaji gramu mia tano na kumi na mbili. Kushoto kwa mdogo wako, kwa makadirio yetu, ni mia tano. Haitoshi. Kwa hiyo nitachukua kulia. Ni upasuaji mkubwa zaidi kwake, atabaki na theluthi moja na kitu. Wengi wanapona vizuri. Lakini hatari inaongezeka, na lazima nimwambie mbele yako."

"Chukua kulia, daktari," mwokaji akasema, miguu kaikunja kwa raha. "Huyu bwana nikimpunguzia gramu kumi na mbili atanitangaza sokoni."

Daktari alicheka. Gramu alitazama picha. Sitini na moja na nusu mara nane ni mia nne tisini na mbili. Kushoto kungetosha, na kungebaki gramu nane. Kilo mbili na nusu alizobeba kwenye koti zilikuwa gramu ishirini za ini la mdogo wake, na kwa gramu hizo ishirini kisu kingehama kutoka upande mdogo kwenda upande mkubwa.

Akafungua mdomo. Lakini upande mwingine wa neno hilo kulikuwa na neno kudhoofika, na kamati, na mabinti wawili. Akiambiwa hafai, hakuna hospitali nyingine. Akafunga mdomo.

Siku tatu hakula vizuri. Jumamosi mwokaji alipofika, alimkuta kaka yake amekaa bila kofia, na mezani mawe matatu ya shaba yamepangwa mstari: kilo, kilo, nusu.

"Unakagua nini leo?"

"Najikagua," Gramu akasema. Akavua koti, akalitundika msumarini. Akapanda mizani ya magunia, mwenyewe akasogeza jiwe mpaka mkono wa mizani ukatulia. "Soma."

Mwokaji akainama. "Sitini na moja na... kaka. Hospitali si una sitini na nne?"

Gramu akanyoosha kidole kwenye mawe yaliyo mezani, kisha kwenye koti. Mwokaji alitazama mawe, akatazama koti, akatazama mawe. Hakuwa mtu wa hesabu za haraka, lakini hiyo aliipata.

"Ngapi?" aliuliza.

"Gramu ishirini. Kwa hizo wanakukata kulia badala ya kushoto."

Nje mtu alikuwa akiburuta mkokoteni. Mwokaji alichukua jiwe la kilo, akalipima kiganjani.

"Mimi nilikupunja arobaini za unga," akasema taratibu, "na haikuwa makusudi. Mwaka mzima nilipita sokoni nimeinamisha uso."

"Najua."

"Wewe umenipunja ishirini za nyama."

"Najua, mdogo wangu."

"Na ningezitoa. Hilo ndilo linaloniudhi. Ungeniambia unataka ishirini zaidi, ningezitoa." Akalirudisha jiwe mezani kwa kishindo. "Vaa kofia. Jumatatu tunakwenda wote, na utasema wewe, mimi nitakaa nikuangalie."

"Wakinitoa?"

"Wakikutoa tutajua wamekutoa wewe, si hilo koti."

Jumatatu walikwenda. Gramu alimwambia daktari kila kitu, akiwa amesimama, tangu siku ya kusahau mpaka siku ya matambara. Mwokaji alikaa akimwangalia kama alivyoahidi. Nesi, aliyeitwa apime upya, alishika koti kwa mikono miwili, akasema, "Baba, hata wewe," na Gramu alikiri baadaye kwamba maneno hayo matatu yalimchoma kuliko kisu kilichofuata. Bila koti: sitini na moja na robo.

Daktari alivua miwani ikaning'inia kwenye uzi. Hakuinua sauti.

"Ulidhani napima uzito nijue kama vivimbe vinakua?"

"Ndiyo, mama."

"Vivimbe nitaviona kwenye picha. Uzito ni wa kuniambia kama chakula kinakaa. Hiyo sindano inayozuia homoni huzuia pia maji ya kongosho yanayosaga mafuta. Unakula, mafuta yanapita. Kuna vidonge vya kumeza pamoja na chakula, basi. Ungesema mwezi wa tatu ungevipata mwezi wa tatu." Akaandika, akachana karatasi. "Sasa nitakusogeza mbele wiki sita. Kamati siwezi kuipelekea mtu ambaye nilikuwa nampima pamoja na vyuma. Na picha ikionyesha vimekua, nitakwambia usoni, kama ulivyoniambia wewe."

"Na mdogo wangu? Upande?"

"Hilo linategemea wewe sasa. Nataka upate nguvu, lakini usipite sitini na mbili na nusu mpaka nikufungue. Hapo kushoto panatosha."

Walipofika nje mwokaji alianza kucheka mpaka akashika ukuta. "Yaani tulikuwa mmoja anapimwa asipande, mwingine asishuke. Sasa wote tumefungwa kwenye mizani moja."

Jioni ileile Gramu alimpa mkewe koti, akamweleza anachotaka. Mkewe alimsikiliza, akachukua sindano. Hakumgombeza, alishasema lake kwa futi.

Vidonge vilifanya kazi ndani ya wiki mbili. Wiki sita zilipokwisha alikuwa na sitini na mbili na gramu mia mbili, bila koti, bila viatu, bila hata mkanda. Sala ilikuwa imerudi nzima. Siku ya majibu ya picha walikaa watatu kwenye benchi, Gramu, mkewe na mwokaji, na daktari alitoka mwenyewe badala ya kuwaita ndani.

"Hakuna kilichokua," akasema. "Hata kimoja."

Kamati ilikubali. Wakapangiwa siku. Asubuhi ya upasuaji walilazwa vyumba viwili vinavyopakana, na kabla ya kupewa dawa ya usingizi Gramu aliomba asukumwe mpaka mlango wa pili. Mwokaji alikuwa ameshavalishwa kofia ya karatasi.

"Umependeza," Gramu akamwambia.

"Hakuna unga. Ndiyo maana hunitambui."

Walisali pamoja, vitanda vikiwa vimeziba njia, manesi wakisubiri kwa adabu. Gramu alisali mpaka mwisho. Kisha mmoja akaenda kushoto, mwingine kulia.

Mwokaji aliamka siku hiyohiyo jioni, Gramu kesho yake. Daktari alipopita aliwaeleza kila mmoja kwa wakati wake kwamba kipande kilipotolewa kiliwekwa kwenye mizani, kama wanavyofanya daima, kikasoma mia tano na sita. Gramu alikuwa na mirija puani na mdomoni, hakuweza kusema. Alionyesha vidole viwili. Daktari hakuelewa. Mkewe ndiye aliyemtafsiria.

"Anauliza kama mlipima mara mbili."

Uso haukuwaka tena. Mtu ambaye kwa miaka alikula akiwa amekaa karibu na mlango sasa alikula katikati ya familia yake, akaongeza, akafuta sahani. Ini la mwokaji lilijaa tena ndani ya miezi michache, na la Gramu likakua ndani yake likamtosha. Alimeza kila siku dawa za kuufanya mwili usilikatae, saa ileile, na kwa hilo pia alikuwa Gramu. Alipewa miaka tisa. Aliwaona mabinti wake wakimaliza shule, mkubwa akashika bisibisi akawa fundi mizani hodari kuliko yeye. Kila siku ya ukaguzi alipita vibandani akibeba mawe yake kwenye kisanduku cha mbao chenye mshikio, na watu walipomuuliza koti lina ubaya gani, aliwasimulia yote, akianza na kosa lake.

Daktari hakuwahi kumwahidi kwamba ugonjwa hautarudi. Mwaka wa saba ulionekana kwenye tezi na kwenye mifupa, mdogo, wa polepole kama zamani. Aliishi nao miaka miwili mingine akifanya kazi. Alifariki nyumbani, mchana, mkewe akimshika mkono, mdogo wake akisali. Ni pigo zito na machozi hayajakauka. Lakini hakuna katika nyumba ile anayesema alikufa mapema. Wanasema alicheleweshwa, kwa rehema za Mungu na kwa nusu kilo ya mwokaji mikate.

Baada ya maziko mkewe alimwita shemeji yake, akamkabidhi koti.

"Alisema liwe lako."

Mwokaji akalivaa. Halikufunga tumboni, kilo zake kumi na moja alishazirudisha siku nyingi na nyingine juu yake. Akatia mkono ndani kutafuta mfuko, vidole vikagonga kitambaa. Akajaribu wa pili, wa tatu. Yote minne ilikuwa imeshonwa, uzi wa mara mbili, imefungwa tangu mdomo mpaka mwisho.

"Alinishonesha jioni ileile mliyotoka kwa daktari," shemeji yake akasema. Akanyoosha mkono kuchukua mkasi. "Lete nikufungulie, uweke vitu vyako. Na hapo tumboni nitaongeza kitambaa."

Mwokaji aliweka viganja juu ya mishono.

"Tumboni ongeza, shemeji," akasema. "Huku ndani acha."